Rauta Inayokatakata Intaneti: Mwongozo Kamili kwa Nyumba za Lamu

Intaneti ikikatika, mkono huenda moja kwa moja kwenye swichi. Zima, hesabu kidogo, washa. Mara nyingi inarudi, na kwa kuwa imerudi, hakuna anayetafuta kilichoikata. Jioni inakatika tena, mtoto yuko katikati ya mtihani wa mtandaoni au mgeni wa nyumba ya kupangisha anapiga kelele juu darini. Mwongozo huu ni wa tatizo la namna hiyo: rauta haijafa, lakini haitulii.

Neno langu kubwa ni hili: usibadilishe kitu chochote mpaka ujue njia imekatika wapi. Njia yenyewe ina vipande vitatu. Cha kwanza ni kutoka simu yako hadi kwenye rauta, kwa waifai. Cha pili ni kutoka rauta hadi kwa kampuni inayokuuzia intaneti, iwe kwa faiba, kwa antena ya juu ya paa au kwa laini ya simu iliyo ndani ya rauta. Cha tatu ni kutoka kwenye kampuni kwenda ulimwenguni. Rauta mpya haiwezi kutengeneza faiba iliyokunjika, na fundi wa kampuni hawezi kukuondolea ukuta wa mawe ulio kati ya rauta na chumba cha kulala. Nimeona watu wakitoa maelfu ya shilingi kununua rauta ya pili wakati kilichokuwa kibovu ni adapta.

Tafuta kipande kilichokatika

Zima kwanza data ya simu. Simu nyingi zikiona waifai haina intaneti huhamia kwenye bando bila kukuambia, kisha ukadhani mambo yamenyooka, kumbe unakula bando lako. Baki na waifai peke yake.

Sasa geuza rauta usome karatasi iliyobandikwa chini yake. Utakuta anwani ya tarakimu, aghalabu 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Rauta nyingi za faiba za Huawei hutumia 192.168.100.1, na za laini ya simu za kampuni hiyo hiyo hutumia 192.168.8.1. Andika tarakimu hizo pale unapoandika anwani ya tovuti. Jaribio hili lina maana likifanywa wakati intaneti imekatika, kwa hiyo iandike anwani hiyo mapema mahali utakapoiona. Ukurasa wa rauta ukifunguka upesi, waifai yako ni nzima na ubovu uko kuanzia rauta kwenda nje. Ukikataa kufunguka, au ukifunguka kwa kusuasua, ubovu uko humo ndani ya nyumba.

Mwenye laptopu anaweza kupata ushahidi mzuri zaidi. Kwenye Windows fungua dirisha la amri kwa kuandika cmd, kisha andika ping -t 192.168.1.1, au anwani yoyote iliyo ya rauta yako. Ping ni amri inayokiuliza kifaa kila mara kama kipo na kungoja jibu. Fungua dirisha la pili uandike ping -t 8.8.8.8, anwani ya Google iliyo nje kwenye intaneti. Yaache yote mawili yaende jioni nzima. Rauta ikiendelea kujibu huku 8.8.8.8 ikinyamaza, tatizo liko nje. Zikinyamaza zote mbili kwa pamoja, angalia waifai au umeme wa rauta. Zikijibu zote mbili lakini tovuti hazifunguki, kilichokwama ni DNS, yaani huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa tarakimu. Ingia kwenye mipangilio ya rauta uweke 1.1.1.1 na 8.8.8.8 kama DNS zako, na kwa kawaida hapo ndipo tatizo hilo huishia.

Kuna kitu kingine ambacho watu wachache hukitazama. Ndani ya ukurasa wa rauta, sehemu ya hali ya kifaa, kuna mstari ulioandikwa "Uptime" unaoonyesha rauta imewaka kwa muda gani. Rauta nyingi huonyesha pia ni muda gani tangu ilipoungana na kampuni. Linganisha. Ikiwa hujaizima tangu jana na bado inasema imewaka kwa dakika kumi, basi rauta inajizima na kujiwasha yenyewe, na hapo mshukiwa ni umeme au joto. Ikiwa imewaka siku nyingi lakini muunganisho na kampuni una dakika kumi tu, laini ndiyo inayokatika. Mistari hii miwili huokoa siku nzima ya kubahatisha.

Anza daftari. Andika saa ilipokatika, taa zilizokuwa zinawaka, hali ya hewa, na kilichokuwa kikiendelea nyumbani. Baada ya siku chache mambo huanza kujionyesha: inakatika kila jokofu linapowaka, au kila mchana jua likiwa kali, au kila siku baada ya Isha watu wote wakiwa mtandaoni.

Umeme na adapta

Adapta ndiyo kitu cha rahisi kuliko vyote katika njia nzima, na ndiyo huchakaa kwanza. Dalili yake ni taa zote kuzimika kwa sekunde moja kisha kuwaka upya kwa pamoja, au rauta kuanguka pale simu na televisheni nyingi zinapoungana nayo. Ndani ya adapta kuna vikapasita ambavyo joto huvikausha pole pole. Inaendelea kutoa umeme wa kuwasha taa, lakini rauta ikihitaji nguvu zaidi, haina.

Soma maandishi ya adapta. Rauta nyingi za nyumbani hutumia volti 12, na ampea 1, 1.5 au 2. Ukinunua nyingine, volti lazima ziwe zile zile, ampea ziwe sawa au zaidi, kichwa kiingie bila kulegea, na mchoro wa chanya na hasi ufanane. Usiazime adapta ya volti 9 kwa sababu tu kichwa kinaingia, wala usiweke yenye volti zaidi. Ukiwa na jirani mwenye rauta ya aina moja na yako, azima adapta yake kwa usiku mmoja. Hakuna kipimo cha haraka kuliko hicho.

Tazama pia inapochomekwa. Ekstensheni iliyobeba jokofu, pasi na rauta ni mahali pabaya. Adapta ikicheza kwenye soketi, badilisha soketi. Stima ikikatika, chomoa rauta kwenye ukuta na usiirudishe mara tu inaporudi; ngoja dakika chache itulie, kwani stima inaporudi ndipo huja kwa kishindo. Kama inakatika mara kwa mara kwenu, nunua betri ndogo ya akiba ya volti 12 iliyotengenezewa rauta. Huifanya rauta isitambue kabisa kwamba stima ilipotea, na hata zile sekunde mbili za kupepesa hazifiki kwake. Hakikisha inalisha pia kisanduku cha faiba kama hicho ni kifaa cha peke yake.

Chumvi na joto

Tunaishi baharini, na upepo wa bahari huingia na chumvi kila siku ya Mungu. Chumvi ikikutana na unyevu juu ya shaba huleta kutu ya kijani. Chomoa kebo ya mtandao nyuma ya rauta na umulike kichwa chake kwa tochi: ukiona madoa ya kijani au meusi kwenye vile vijino vinane vya dhahabu, umepata sababu ya kutosha ya intaneti kukatika. Kichwa kilichoshika kutu hukatwa na kufungwa kipya. Ni kazi ya dakika tano kwa fundi mwenye koleo lake. Tundu la rauta lenyewe safisha kwa spiriti ya asilimia 90 au zaidi na brashi laini, umeme ukiwa umezimwa, kisha liache likauke kabisa. Usitumie maji wala mafuta.

Kebo zinazopanda darini ndizo huumia zaidi. Kebo ya kawaida ya ndani ikiwekwa juani, ganda lake hupasuka na mvua ya masika huingia. Ya nje, ambayo aghalabu ni nyeusi, imetengenezwa kwa ajili ya jua. Ipinde kidogo kuelekea chini kabla haijaingia ndani, ili maji yadondokee hapo badala ya kuifuata mpaka kwenye rauta. Na kebo ya mtandao isizidi mita 100 kwa kipande kimoja.

Rauta nyingi zimeundwa kufanya kazi kwenye joto lisilozidi nyuzi 40. Wakati wa kaskazi, chini ya bati au nyuma ya televisheni, kiwango hicho hupitwa bila shida. Ikiwa rauta haishikiki mkononi kwa moto, itoe kabatini, isimamishe wima kama umbo lake linaruhusu, na ipate hewa. Usiifunike kwa kitambaa cha kufuma, hata kama sebule itapendeza.

Mwenye faiba

Soma taa mbili tu: PON na LOS. PON ikiwaka kijani bila kupepesa na LOS ikiwa imezimika, mwanga unafika na kampuni inakutambua. PON ikipepesa bila kukoma, mwanga unafika lakini kifaa hakijakubaliwa upande wa kampuni. Huenda malipo yamekwisha, au usajili wa kifaa umevurugika. LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kabisa au unafika dhaifu mno.

LOS ikiwa nyekundu, fuata waya mwembamba wa faiba kutoka kwenye kifaa hadi ukutani. Je, umekunjwa chini ya mguu wa kiti, umebanwa na mlango, umefungwa fundo ili usining'inie? Ndani yake mna kioo, na kioo hakivumilii kona kali. Unyooshe, na pale panapohitaji kona, zungusha duara lisilopungua upana wa glasi ya chai. Sukuma kichwa cha kijani taratibu kuhakikisha kimeingia. Usikichomoe ili uone ndani: mwanga wake hauonekani kwa jicho lakini unaweza kuliumiza, na chembe moja ya vumbi kwenye ncha hutosha kuharibu mawasiliano. Ncha hiyo husafishwa na fundi kwa kifaa chake, shati haifai.

Fundi akija, mwombe apime nguvu ya mwanga mbele yako na akutajie namba. Kwa faiba nyingi za majumbani inatakiwa iwe kati ya -8 na -27 dBm. Ikiwa -28, au inachezacheza kuzunguka -27, umepata chanzo cha kukatika hata kama siku hiyo intaneti inafanya kazi. Iandike kwenye daftari. Akija mwingine mwezi ujao utakuwa na cha kulinganisha.

Mwenye rauta ya laini ya simu, au Starlink

Rauta ya laini hutegemea mnara, na vile vijiti vya mtandao kwenye kioo havisemi mengi. Ndani ya ukurasa wa rauta tafuta RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara, na SINR, yaani usafi wa mawimbi hayo dhidi ya kelele. RSRP ya -90 au inayokaribia sifuri zaidi ya hapo ni nzuri. Ikishuka chini ya -110 utakatika tu. SINR ikizidi 10 uko salama, ikiwa chini ya sifuri kuna kelele nyingi hewani. Ihamishe rauta dirishani, ghorofa ya juu, upande wa mnara, na usome namba upya kila mahali. Sogeza kwa hatua moja moja, maana katika mji wetu wa mawe dirisha moja na la pili hutofautiana sana. Toa kadi ya laini uikague kutu. Na kabla ya yote haya, hakikisha bando halijaisha au halijapunguzwa kasi baada ya kufikia kiwango chake.

Ikiwa RSRP ni nzuri mchana kutwa na intaneti inazorota kuanzia saa mbili usiku, mnara umejaa watu. Hapo rauta haina kosa. Jaribu laini ya kampuni nyingine kwa bando la siku moja kabla hujahama.

Starlink, intaneti ya setilaiti iliyoanza kuuzwa Kenya mwaka 2023, inataka mbingu wazi. Mnazi mmoja au ukingo wa paa la makuti unatosha kuikata kwa sekunde chache kila baada ya muda. Programu yake kwenye simu huonyesha ramani ya vizuizi, iamini. Upepo wa kusi nao hutikisa kila kilichofungwa kwa kamba darini, kwa hiyo kaza nguzo vizuri, na hili linawahusu pia wenye antena za paa.

Kuta zetu

Hapa ndipo nyumba ya Lamu inapotofautiana na maelekezo ya watu wa ghorofa za Nairobi. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zina unene wa nusu mita hivi, na dari zimejengwa kwa boriti, mawe na chokaa. Waifai ya gigahezi 5 ikikutana na ukuta huo haivuki. Ya gigahezi 2.4 huvuka mmoja, kwa shida, na hufika upande wa pili ikiwa hoi. Simu huonyesha kijiti kimoja, inashika, inaachia, inashika tena, na mwenye nyumba anasema intaneti inakatika. Ukisimama karibu na rauta ukakuta haikatiki kabisa, hujakatikiwa na intaneti. Umefika mwisho wa waifai.

Wengi huiweka rauta ndani ya kidaka, kile kishubaka cha ukutani, kwa sababu ni mahali pazuri pa kuweka kitu. Pazuri kwa sahani za kaure. Kwa rauta ni sawa na kuizungushia mawe pande tano. Itoe. Mahali pake bora ni msanani, yaani ukumbi wa mbele, karibu na kiwanda, yaani ua wa ndani, pale ambapo mawimbi yanaweza kupanda na kushuka kupitia uwazi wa katikati na kuingia vyumbani kwa milango. Hakikisha tu mvua haifiki.

Kwa chumba kisichofikika, dawa ni kuvuta kebo hadi huko na kuweka kituo cha pili cha waifai. Vile vifaa vya kuchomeka ukutani vinavyorudufu waifai hupokea mawimbi yaliyokwisha kudhoofishwa na ukuta ule ule, na hurudisha udhaifu huo huo; mimi sivipendekezi katika nyumba ya mawe. Kebo ipitishe juu ya kizingiti cha mlango, dirishani, au kwenye tundu lililopo tayari. Usitoboe ukuta wa kale kwa drili. Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, na kabla ya kuugusa ukuta uliza ofisi ya Makumbusho ya Taifa.

Vichochoro vikiwa vyembamba, waifai za majirani hupandana. Kwenye gigahezi 2.4 chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11. Pakua programu ya kupima waifai, tazama ipi ina watu wachache, kisha ichague mwenyewe na uweke upana wa megahezi 20. Gigahezi 5 ipe jina lake mbali, ili simu isiwe inaruka huku na huku.

Rauta mbili zinazogombana

Sababu hii imenikumba katika nyumba nyingi kuliko nilivyotarajia. Mtu ameongeza rauta ya zamani kama kituo cha pili, akachomeka kebo, ikafanya kazi. Baada ya saa kadhaa nusu ya simu hazina intaneti na nusu zinayo. Kinachotokea ni kwamba rauta zote mbili zina anwani 192.168.1.1, na zote mbili zinagawa anwani kwa simu, kazi inayoitwa DHCP. Simu iliyopewa anwani na rauta ya pili inaambiwa mlango wa kutokea uko huko, na huko hakuna mlango.

Ingia kwenye rauta ya pili kabla hujaichomeka kwenye ya kwanza. Ibadilishe anwani iwe 192.168.1.2, zima DHCP yake, kisha chomeka kebo kutoka tundu la LAN (la vifaa vya ndani) la ya kwanza hadi tundu la LAN la ya pili, ukiacha tundu la WAN (la intaneti kutoka nje) la ya pili wazi. Na kagua kuwa hakuna kebo ambayo ncha zake zote mbili zimechomekwa kwenye kifaa kimoja; hiyo huangusha nyumba nzima.

Ukiwa humo, badilisha paswodi ya waifai ikiwa mtaa mzima unaijua. Tazama orodha ya vifaa vilivyoungana. Vikizidi vya watu wa nyumbani, umepata jibu la kwa nini jioni hakusogei.

Kampuni na bahari

Siku nyingine kila kitu chako ni kizima. Intaneti ya Kenya hutegemea sana nyaya za chini ya bahari zinazotua Mombasa, kama TEAMS, SEACOM na EASSy. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na nchi nzima ikahisi. Dalili ni kwamba tovuti za hapa zinafunguka na za nje zinakwama, na majirani wa kampuni hiyo hiyo wanalia pia. Acha rauta yako, ngoja.

Ukipiga simu huduma kwa wateja, soma daftari lako: "LOS imekuwa nyekundu tangu saa tatu asubuhi, adapta nimebadilisha, faiba haijakunjwa, rauta imewaka siku sita mfululizo." Mtu aliyepewa habari hizo hawezi kukuambia zima uwashe.

Kuwasha upya, na kile kitundu kidogo

Kuwasha upya kuna utaratibu. Zima kisanduku cha faiba na rauta, ngoja sekunde 30, washa kisanduku, subiri PON itulie, ndipo uwashe rauta.

Kile kitundu cha kubonyeza kwa sindano, kilichoandikwa "Reset", ni jambo lingine. Ukikibonyeza kwa sekunde kumi kinafuta kila kitu, pamoja na jina na paswodi ambazo kampuni iliziweka ili rauta iungane nayo. Kwenye faiba unaweza kubaki bila intaneti mpaka fundi aje. Kwa hiyo piga picha kurasa zote za mipangilio kwanza, hifadhi nakala kama rauta inaruhusu, na uthibitishe kwa simu kwamba kampuni itakupa maelezo hayo tena. Ukimaliza kuipanga upya, irudishe ile ping ya madirisha mawili usiku kucha, ukiwa umeunganisha laptopu kwa kebo na kituo cha pili kikiwa kimezimwa. Ikianguka tena na adapta ni mpya, taa za faiba ni nzuri na haina joto, dai ubadilishiwe rauta, na umwonyeshe fundi saa ulizoandika.